Paa la gari la maiti: kilichofunikwa si kilichotengenezwa

Siku tuliyompeleka makaburini mwalimu wetu wa Qur'ani, bibi aliyewafundisha herufi watoto wa mtaa wetu hapa Tanga kwa vizazi viwili, mvua ya masika ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Jeneza lilifunikwa kitambaa cha kijani, na jamaa wa marehemu wakaketi pande mbili ndani ya gari la maiti la msikiti. Hatujafika nusu ya njia, tone la maji likaanguka juu ya kitambaa, upande wa kichwani. Likafuata la pili. Mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka kama 18, akanyoosha mkono na kukinga kiganja chake juu ya jeneza. Kilipojaa alikikung'uta pembeni, kisha akakirudisha. Alikaa hivyo mpaka tulipofika, wala hakusema neno.

Mimi niliketi mkabala naye. Ni katibu wa kamati ya msikiti huo, na miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetia saini hati ya malipo ya kutengeneza paa lile lile.

Naandika makala haya kwa ajili ya ndugu walio katika kamati za misikiti na madrasa, na kwa kila mwenye familia ambaye gari lake au bati la nyumba yake linavuja. Siku hizi madukani zimejaa dawa za kupuliza zinazoahidi kuziba kila tundu kwa asubuhi moja. Nyingine ni nzuri. Lakini uzuri wake una masharti, na sisi tuliyajua masharti hayo baada ya kulipa gharama yake.

Makopo sita

Gari letu ni basi dogo la zamani lenye paa lililoinuliwa, ili wabebaji waweze kuingiza jeneza bila kuinama sana. Paa lake ni la bati, na juu yake imefungwa keria ya kubebea mabenchi na majembe. Hulala nje, chini ya mwembe, mahali ambapo upepo wa bahari hufika usiku na mchana. Msimu wa vuli uliotangulia, dari yake ya ndani ilianza kufanya madoa ya kahawia.

Kamati ilikaa. Fundi wa kwanza tuliyemwita alitaja gharama iliyozidi fedha zilizokuwamo katika mfuko. Ndipo mjumbe mmoja akaleta habari ya dawa ya mpira inayopulizwa kutoka kwenye kopo. Juu ya kopo palikuwa na picha ya gari la kulala, ile nyumba ya magurudumu ambayo watu wa Ulaya na Marekani husafiri nayo wakati wa likizo, ikiwa na vitanda na jiko ndani yake. Tukasema: ikiwa dawa hii inalinda nyumba nzima ya watu, itashindwa na basi letu?

Fedha zilitoka katika sanduku la Ijumaa na katika mchango wa kina mama wanaouza vitumbua asubuhi. Tukanunua makopo 6, tukatumia 5. Kijana mmoja alipanda ngazi, akafuta vumbi kwa kitambaa, akapuliza. Ilipofika adhuhuri paa lilikuwa jeusi, linang'aa, limependeza kuliko siku lilipoletwa. Tukalipiga picha, tukaituma katika kundi la simu la waumini, na watu wakatuombea heri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwaga ndoo moja ya maji juu yake ili tuone.

Ukucha wa fundi

Siku ya tatu baada ya mazishi nilipeleka gari kwa fundi bodi mmoja, mtu mzima aliyezeekea katika kazi hiyo. Alipanda ngazi, nami nikapanda ya pili. Hakushika chombo chochote. Aliingiza ukucha pembeni mwa utando, akavuta, nao ukabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa na maji, na chini ya maji kulikuwa na kutu mbichi yenye rangi ya chungwa.

"Ustadhi," akaniambia, "hapa hamkutengeneza kitu. Mmekivisha kidonda kanzu."

"Kwa hiyo, Mzee, dawa yenyewe ni mbovu?"

"Mimi sijasema hivyo. Kopo mnalo? Hebu nisomee maandishi ya nyuma."

Lile la sita lilikuwamo garini. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo. Yalisema dawa ipulizwe juu ya mahali safi, pakavu, pasipo mafuta wala kutu inayobanduka. Na kwamba ni ya kuzibia nyufa na matundu madogo. Nilianza kusoma kwa sauti ya kuhutubia, nikamaliza kwa sauti ya kunong'ona. Chuoni nilifundishwa kutopita hashia ya kitabu bila kuisoma, kwa kuwa huenda hukumu imekaa humo. Kopo hili nililisoma picha tu.

Nikiwa juu ya ngazi nilikumbuka kisa anachokijua kila mwanafunzi wa chuo: jinsi Mtume (S.A.W.) alivyopita sokoni, akaingiza mkono katika lundo la nafaka lililoonekana kavu, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua iliyoinyeshea. Naye akamuuliza kwa nini asiiweke juu iliyolowa ili watu waione, kisha akakemea udanganyifu kwa maneno makali. Sisi hatukukusudia kumdanganya mtu. Lakini tuliwaonyesha waliochanga fedha picha ya paa linalong'aa, na umajimaji ulikuwa chini yake.

Kwa nini utando hubanduka

Fundi alinieleza jambo ambalo ni rahisi kulifahamu na rahisi zaidi kulisahau. Rangi hushika kile inachokigusa. Ukiipuliza juu ya vumbi, imeshika vumbi. Ukiipuliza juu ya kutu yenye magamba, imeshika magamba. Magamba yakiachana na bati, rangi huondoka pamoja nayo.

Isitoshe, kutu haifi kwa kufunikwa. Inahitaji maji na hewa, na vyote viwili huwa vimekwisha kujificha ndani yake. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: chumvi. Upepo wa bahari huiacha juu ya bati, na chumvi hiyo ikifungiwa chini ya utando huvuta unyevu, mpaka utando ufanye malengelenge. Ndiyo maana paa la gari la pwani lazima lioshwe kwa maji ya bomba na sabuni, lisuuzwe vizuri na kuachwa likauke kabisa kabla ya jambo lolote.

Tena kuna suala la maungio. Bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku. Mahali penye mabati mawili yaliyokutana, au penye bolti, mwendo huo mdogo hurudiwa kila siku. Utando mwembamba uliopulizwa juu ya nafasi iliyo wazi huvutwa na kulegezwa hadi uchanike.

Kosa letu la mwisho lilikuwa la kutojua maji yanaingilia wapi. Fundi alimweka kijana wake ndani ya gari akiwa na tochi, dari ikiwa imefunguliwa. Yeye mwenyewe alimwaga maji juu ya paa kidogo kidogo, akianzia sehemu za chini na kupanda juu, na kila sehemu akiisubiri kwa dakika kadhaa kabla ya kuhamia nyingine. Utaratibu huo una sababu: ukianza juu, maji hushuka na kulowesha kila mahali, nawe hutajua tundu ni lipi. Tulipofika kwenye bolti ya mbele ya keria, kijana akaita. Maji yaliingia hapo, yakatambaa juu ya ubavu wa chuma ulio kati ya bati na dari, kisha yakadondoka nyuma sana, mahali panapokaa kichwa cha jeneza. Nasi tulikuwa tumepuliza kwa wingi juu ya mahali palipodondoka.

Kazi yenyewe

Kazi ya fundi ilichukua siku 9, na sehemu kubwa ya siku hizo haikuhusu kupuliza hata kidogo. Keria ilitolewa. Utando wetu ulikwanguliwa wote. Kutu ilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe kikaonekana. Palipobaki vidoa katika vijishimo alipaka dawa ya kugeuza kutu. Sehemu mbili bati lilikuwa limeliwa kabisa, zikakatwa na kuchomelewa vipande vipya. Hapa ndipo mpaka ulipo, ndugu msomaji: dawa ya kupuliza ni ngozi, haiwezi kuwa mfupa. Bati linalobonyea kwa kidole linataka chuma kipya.

Baada ya hapo alipaka praima ya kuzuia kutu siku ile ile, kwa kuwa chuma kilichosuguliwa kikilala wazi usiku mmoja wa pwani huanza kutu upya. Kila ungio na kila tundu la bolti lilijazwa gundi ya kuzibia bodi za magari, ile inayobaki na mnyumbuko baada ya kukauka. Juu ya maungio marefu alilaza ukanda wa kitambaa maalumu ndani ya tabaka la kwanza la rangi ya mpira, akalifunika kwa tabaka la pili. Kitambaa kile ndicho kinachobeba mvuto wa bati linapotanuka.

Ndipo akapuliza. Hakupuliza tabaka moja nene, kwa kuwa tabaka nene hukauka juu na kubaki bichi ndani. Alipuliza matabaka membamba, la kwanza kwa urefu wa paa na la pili kwa upana, kila moja likisubiri jingine likauke. Alianza asubuhi baada ya umande kukauka, kabla bati halijawa la moto, maana juu ya bati linalounguza rangi hukauka kabla haijatandaa na kushika.

Rangi aliyotuchagulia ilikuwa nyeupe. Nyeusi hunyonya joto la jua, nyeupe hulirudisha. Kwa gari ambalo familia hukaa ndani yake mchana, na bati likiwa karibu na vichwa vyao, tofauti hiyo husikika.

Kabla ya kuanza paa zima alijaribu sehemu ndogo, ukubwa wa sahani. Ilipokauka alichora alama ya mkasi kwa wembe, akabandika gundi ya karatasi juu yake na kuivuta kwa nguvu. Rangi haikutoka. Jaribio hilo halina gharama, na lingetuokolea makopo 5.

Si kila dawa ni ya kila paa

Nilimuuliza fundi kuhusu ile picha ya nyumba ya magurudumu. Akacheka. Magari mengi ya namna hiyo huko Marekani hayana paa la bati tupu. Yamefunikwa kwa ngozi ya mpira iitwayo EPDM au ya plastiki iitwayo TPO, na mengine yana faiba au alumini. Wenye magari hayo nao wanasumbuliwa na ugonjwa ule ule: matundu ya hewa, madirisha ya paa na maungio ya pembeni. Waangalifu wao hukagua maungio hayo mara kwa mara. Wanajua pia kwamba ngozi ya EPDM ikipakwa au kusafishwa kwa vitu vyenye mafuta ya petroli huvimba na kuharibika. Kwa hiyo picha ya paa iliyo juu ya kopo haitoshi. Uliza paa lako limetengenezwa kwa nini, kisha tafuta dawa inayokubaliana nalo.

Kwa ufupi, haya ndiyo yanayofaa kujulikana. Dawa za akriliki huchanganywa na maji, harufu yake ni ndogo, na nyeupe yake hurudisha jua vizuri. Lakini hudhoofika mahali maji yanapotuama. Silikoni huvumilia maji yaliyotuama na jua kali, ila ukishaipaka, rangi nyingine haitashika juu yake isipokuwa silikoni mwenzake. Kwa hiyo anayeichagua amejifunga nayo. Poliurethini ni ngumu na huvumilia msuguano. Poliurea hukauka kwa sekunde chache, lakini hupulizwa kwa mashine maalumu yenye joto na shinikizo kubwa, si kwa kopo. Dawa za lami na za mpira mweusi zina nafasi yake: kuziba tundu dogo kwa haraka, safarini au katikati ya mvua, mpaka fundi apatikane. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya kilichomo katika kopo la kupuliza ni gesi na kiyeyushi vinavyopotea hewani. Utando unaobaki ni mwembamba kuliko unavyodhani.

Pumzi ya anayepuliza

Kijana wetu wa siku ile ya makopo alijifunga leso puani. Leso haizuii mvuke wa viyeyushi, na haizuii kabisa kemikali za aisosayaneti zilizomo katika poliurethini na poliurea. Kemikali hizo zinaweza kumpatia mtu pumu ya maisha, na aliyekwisha kudhurika nazo huweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo tu mara nyingine. Dawa za aina hiyo apulize fundi mwenye kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira, wala si kijana wa kujitolea. Hata kwa makopo ya kawaida, kazi ifanyike mahali pa wazi, mbali na moto, sigara na jiko la mkaa, kwa kuwa gesi yake huwaka. Watoto wa madrasa wasisimame upande unaoelekea upepo. Na ngazi ishikwe na mtu. Kutafuta thawabu kwa kazi ya msikiti hakumwondolei mtu wajibu wa kulinda mwili wake, nao ni amana kama lilivyo gari.

Hesabu mbele ya jamaa

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, nilisimama nikawaeleza waumini mambo yalivyokuwa: kwamba fedha za awali zilipotea, kwamba aliyetia saini ni mimi, na kwamba kazi mpya ingegharimu zaidi ya ile tuliyoikataa kwa fundi wa kwanza, kwa sababu miezi iliyopita kutu haikulala. Niliomba radhi kwa familia ya marehemu bibi. Mwenyekiti alikuwa amenishauri nisilitaje jambo la jeneza ili kamati isiaibike. Nilimheshimu, lakini niliona kwamba kulificha kungekuwa kupuliza rangi nyeusi kwa mara ya pili.

Palikuwa kimya. Kisha kutoka upande wa kina mama ikasikika sauti ya mshika fedha wa kikundi cha vitumbua: "Katibu, safari hii maandishi mmeyasoma?" Watu wakacheka, nami nikajibu kwamba nimeyasoma, na kwamba nitakuja kuwasomea. Wakachanga. Kikundi kile kikatoa tena, na safari hii kikaomba jambo moja: mmoja wao awepo siku ya kulimwagia paa maji. Alikuwepo. Aliketi ndani ya gari kwa muda wa nusu saa, akiangalia juu, huku maji yakimwagwa, akatoka na nguo zake kavu.

Sasa daftari la kamati lina ukurasa wa paa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, paa huoshwa, majani ya mwembe huondolewa, maungio hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, na maji humwagwa kabla ya mvua kuyamwaga yenyewe. Palipoanza ufa huzibwa siku hiyo hiyo, kwa dawa ya aina ile ile iliyopo. Hapa ndipo kopo dogo linapokuwa na faida yake ya kweli: kulinda kilicho kizima. Jirani zangu wawili wamefanya vivyo hivyo kwa mabati ya nyumba zao, na mmoja kwa paa la jiko ambalo mkewe alikuwa amelilalamikia kwa misimu mitatu.

Vuli ilipokuja tulimbeba marehemu mwingine katika mvua kubwa. Yule kijana alikuwa miongoni mwa wabebaji, akaketi mahali pale pale alipoketi siku ya bibi yake. Nilimwona akitazama dari, kisha akatazama kitambaa cha kijani. Kilikuwa kikavu. Mikono yake ilibaki magotini mpaka tulipofika.

Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yetu na marehemu wetu wote, atusamehe tulipokosea, na atuwezeshe kuzitunza amana za waja wake kwa nje na kwa ndani. Amin.